Hiba au wakfu? Kabla hujaweka leseni kwenye mfumo wako

Mei 2025 kampuni ya Redis iliirudisha programu yake ya kuhifadhi data kwenye leseni huria, yaani ruhusa ya kila mtu kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, baada ya kuitoa huko Machi 2024. Elastic, wenye programu ya kutafutia data, walikuwa wameshapita njia hiyo: waliondoka Januari 2021, wakarejea 2024. HashiCorp walibadilisha leseni ya Terraform, programu yao ya kupangia seva, Agosti 2023 na mpaka leo hawajarudi. Kwa asiyehusika, hizi ni habari za matajiri wa mbali wakigombania vyao. Lakini kwa vijana wanaotengeneza mifumo hapa Unguja na Pemba, zimeshuka kama hukumu. Nimezisikia Tunguu, nimezisikia Michenzani, nimezisikia hata ndani ya boti ya kwenda Pemba watu wakiwa wameshaanza kushika mifuko ya plastiki: "Unaona? Hata wakubwa wamejuta. Ukitoa kazi yako bure, tajiri anaichukua anaiuza." Kinachofuata baada ya maneno hayo huwa kimoja katika viwili. Ama mtu anaifungia kazi yake kabatini, ama anaweka leseni ya MIT, ile fupi inayoruhusu karibu kila kitu, bila kuisoma, mradi iwepo, halafu anaendelea na shughuli zake.

Naona habari hizi zimesomwa kichwa chini miguu juu. Kilichowakuta Redis na Elastic ni ugomvi baina ya kampuni inayoandika programu na makampuni makubwa ya kukodisha seva, kama Amazon, ambayo yana uwezo wa kuiendesha programu hiyo kwa wateja wengi kuliko mwenyewe aliyeiandika. Mtengenezaji wa mifumo wa Chake Chake hana Amazon mlangoni. Msiba unaomngoja ni mwengine kabisa: mfumo kufa siku anapopata kazi Dar au Muscat. Kwa hivyo hapa kwetu anayechagua leseni aanze kumfikiria mrithi kabla ya kumfikiria mwizi. Ajiulize nani atakayeushika mfumo huu baada yangu, na aushike kwa sharti gani. Ukianzia hapo, mpangilio wote unabadilika. Kuuacha msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, bila leseni ndiyo khatari kubwa kuliko zote. MIT inafaa kwa vitu vidogo. Na mifumo inayolipiwa kwa fedha za umma au za wafadhili inastahiki leseni zenye sharti, yaani GPL na hasa AGPL (nitazieleza mbele), kuliko tunavyokubali.

Tuanze na jambo ambalo hata wenye shahada wengi wanalikosea. Msimbo (au "kodi" kama wanavyouita vijana, neno linalomshtua mfanyabiashara wa Darajani akadhani wamekuja watu wa mapato) unalindwa na hakimiliki tangu dakika unapoandikwa. Huhitaji kuusajili popote. Ndivyo unavyotaka Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, na mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unaitambua programu ya kompyuta kuwa ni kazi ya maandishi, kama ulivyo utenzi au riwaya. Hapa Visiwani kuna ziada yake: hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya mwaka 1999 na COSOTA, chombo chao cha kusimamia hakimiliki; Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki namba 14 ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Watu wanaifikiria COSOZA kuwa ni ya waimbaji wa taarab na wenye filamu, na kwa kweli hao ndio wanaosikika zaidi, lakini aliyeandika mfumo wa kusajili wagonjwa naye ni mwandishi. Maana yake ni hii: ukiuweka msimbo wako mtandaoni bila ya leseni, hukuwapa watu ruhusa ya kuutumia. Umewaonesha tu. Anayeuchukua akaubadilisha akampelekea mwengine anavunja sheria hata kama wewe mwenyewe ungefurahi. Wengi wanaamini kimya ni ruhusa. Kwa bikra anayeposwa labda, lakini kwenye hakimiliki kimya ni katazo.

Sasa leseni zenyewe. Ziko nyingi, lakini koo zake ni mbili, na sisi watu wa visiwa hivi tuna maneno ya kuzieleza kuliko hata hao walioziandika. Ukoo wa kwanza ni wa hiba. MIT na BSD zimo humo, zilizotoka kwenye vyuo viwili vya Marekani, na imo Apache 2.0 ya mwaka 2004, ambayo inaongeza kifungu cha hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ili mchangiaji asije akakushitaki kesho kwa kitu alichokupa leo. Hiba ikishakabidhiwa, mpokeaji ana hiari yake: aiuze, aibomoe, aizungushie ukuta. Anachotakiwa ni kuliacha jina lako mlangoni. MIT nzima ni aya tatu tu, unaimaliza kabla kahawa haijapoa.

Ukoo wa pili ni wa wakfu. GPL ilitoka mara ya kwanza mwaka 1989 kwa mkono wa Richard Stallman, toleo la pili likaja 1991, la tatu 2007. Mzee akiiweka nyumba yake ya Malindi wakfu, nyumba hiyo haiuzwi, haitolewi hiba, hairithiwi. Manufaa yake ndiyo yanayotembea kutoka mkono hadi mkono. GPL inafanya karibu na hivyo. Chukua, tumia, badilisha, hata uza. Lakini ukimpa mtu mwengine, mpe na msimbo wake, na mpe kwa sharti hizi hizi ulizopewa wewe. Mafakihi wana kauli yao kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama nassi ya sheria, na mwanasheria wa programu angeielewa kauli hiyo bila ya mkalimani. AGPL, iliyotoka mwishoni mwa 2007, iliziba tundu moja. GPL inamfunga anayekukabidhi programu. Je, asiyekukabidhi chochote, akaiendesha kwenye seva yake wewe ukaifikia kwa kivinjari tu? AGPL inasema: akiwa ameibadilisha, naye awape msimbo wale wanaoitumia kupitia mtandao.

Mfano wa wakfu una mwisho wake, na ni vyema kuusema kabla hajausema mwengine. Wakfu unamfunga hata aliyeuweka. Leseni haimfungi mwenye hakimiliki: anaweza kulitoa toleo lijalo kwa leseni nyengine, au kumuuzia mteja ruhusa ya pembeni isiyo na sharti. Asichoweza ni kuwanyang'anya watu toleo walilokwisha pewa. GPL ya tatu imeliandika hilo waziwazi. Ndiyo maana Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ambao mwanzilishi wake Linus Torvalds aliuhamishia kwenye GPL mwaka 1992, hauwezi leo kufungwa na mtu mmoja: hakimiliki yake imegawika kwa maelfu ya waandishi, na nani atawakusanya wote watie saini? Ni kama kikoa cha zamani (ule mlo wa kupokezana, kabla jamaa wa kompyuta hawajalichukua neno wakalipa anwani za mtandao): kila mmoja ametia chungu chake, hakuna wa kuubeba mlo wote kwenda nao kwake. Redis ilikuwa BSD tangu Salvatore Sanfilippo alipoianzisha mwaka 2009. Hiba ile ile iliyowaruhusu wenye seva kuiuza ndiyo iliyoiruhusu kampuni nayo kuufunga mlango. Ilipoufunga, mwezi ule ule wachangiaji walilichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaanzisha programu nyengine, Valkey, chini ya taasisi ya Linux Foundation, Amazon na Google zikiwa nyuma yao.

Na hapa pana kitu ambacho wasimulizi wetu wa botini hukiruka. Redis waliporudi hawakurudi kwenye BSD. Walichukua AGPL. Elastic pia, waliporudi, walichukua AGPL. Kwa hivyo ukitaka kuwasoma kama watu waliojuta, soma juto lote. Walitoa hiba isiyo na sharti, wakaona wakubwa wanaivuna; wakafunga, wakaona wachangiaji wanahama; mwisho wakaweka wakfu. Anayeichukua habari hii kuwa ni hoja ya kufungia msimbo kabatini ameisoma nusu ya kwanza akalala.

Miaka michache nyuma niliitwa Pemba kuokoa mfumo wa taasisi moja ambayo jina lake nalihifadhi. Nilikuta kompyuta ya mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma, ndani yake folda inaitwa MFUMO_MPYA_MWISHO_2. Hakuna faili la leseni, hakuna jina la mwandishi, mkataba wa kazi una kurasa nne na haukusema popote msimbo ni wa nani. Kijana aliyeuandika yuko Oman. Tulimtumia ujumbe, baada ya siku mbili akajibu: "Tumieni tu sheikh, haina tabu." Mkuu wa ofisi akaniuliza swali ambalo mpaka leo naona ni la kisheria zaidi kuliko nilivyokuwa tayari kulijibu: "Kutumia tumeambiwa. Na kuubadilisha je? Na tawi la Unguja wakiutaka?" Sikuwa na jibu la maandishi, na mkandarasi mpya hakutaka kugusa kitu ambacho mwenyewe anaweza kuja kukidai. Wafanyakazi walikuwa wamesharudi kwenye kaunta buku, wamepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Mali bila daftari hupotea bila habari; hii ilipotea daftari likiwa limejaa kila kitu isipokuwa mstari mmoja. Hakuna aliyemwibia mwenzake hapo. MIT ya aya tatu ingetosha kabisa, na ndiyo maana siidharau.

Sasa hoja za wenye kupenda hiba, na nianze na ile yenye uzito. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, una leseni ya BSD. Unatumika katika nchi zaidi ya 70, Tanzania Bara na Zanzibar zikiwemo. Vituo vya afya vya visiwa hivi vinapeleka takwimu zake kupitia humo. Hakuna kampuni iliyouzungushia ukuta ikauondoa mikononi mwa wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu thamani yake imo katika watu: timu ya Oslo, wataalamu wa vyuo vya Afrika waliofunzwa, wizara zinazojua kuutumia. Anayechukua nakala akajitenga anabaki na msimbo unaozeeka kila mwezi. Hoja hii ni nzito na siwezi kuivunja. Inachosema ni kwamba ukiwa na jumuiya yenye nguvu, sharti la leseni linakuwa jambo la pili. Lakini angalia imejengwa juu ya nini. Oslo wana mishahara, wana ruzuku, wana miaka mingi ya kazi nyuma yao. Mfumo wa mahudhurio wa skuli moja ya Micheweni hauna hata kimoja katika hivyo. Kumwambia mtoto mchanga aige mwendo wa mtu mzima kwa sababu mtu mzima hahitaji mkono wa kushikwa ni hoja ya namna gani?

Hoja yao ya pili ni ya biashara. Wanasema hoteli na makampuni yanaiogopa GPL, na AGPL ndiyo yanaikimbia mbio. Kwa vitu vidogo nakubaliana nao bila ya ubishi. Umeandika maktaba (kipande cha msimbo cha kutumiwa ndani ya programu nyengine) ya kugeuza tarehe za Hijria, au ya kusoma saa kwa Kiswahili ili saa moja asubuhi isije ikawa saa saba: ipe MIT au Apache, iende hata ndani ya programu za matajiri, kwani faida yako ni kuenea. Hakuna wa kuifuga kibandani. Ila mfumo mzima wa kuendesha taasisi ni kitu chengine. Mkandarasi wa kawaida hapa hakabidhi msimbo. Anauweka kwenye seva anayoikodi yeye, taasisi inapewa anwani na nywila, na kila mwaka inalipa. Mkandarasi wa pili anayeuchukua mfumo wenye MIT anaweza kuuongezea vitu kumi, asioneshe hata kimoja, na kuanzia hapo taasisi imefungwa kwake kama jahazi kwenye nanga ya mtu. GPL haimgusi kwa sababu hakumkabidhi mtu programu. AGPL inamgusa.

Lakini haimgusi yule wa kwanza, na hapa ndipo wapenzi wenzangu wa wakfu wanapojidanganya. Mwenye hakimiliki hajifungi kwa leseni anayowapa wengine. Kama mkandarasi wa kwanza ndiye mwenye mali, na hajampa mtu yeyote nakala, kuandika AGPL juu ya faili lake hakuisaidii taasisi chochote. Lazima mkataba wa kazi useme mambo mawili: hakimiliki ni ya nani, na msimbo unakabidhiwa lini. Mwajiriwa kwa kawaida kazi yake huwa ya mwajiri; mkandarasi wa kujitegemea ni habari nyengine, na mkataba unaponyamaza hapo ndipo inapozaliwa kesi. Leseni ni ghorofa ya pili. Anayeijenga kabla ya ya chini asishangae.

Kuna hoja nyengine inayotembea sana vibarazani, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba leseni haina maana hapa, kwa sababu nani atampeleka nani mahakamani kwa ajili ya msimbo? Kwanza, huko ughaibuni nako walisema hivyo hivyo. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliitambua GPL na kuizuia kampuni iliyoikiuka. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Jacobsen na Katzer, ilisema masharti ya leseni huria yanalindwa na hakimiliki. Na mgogoro wenyewe ulikuwa juu ya programu ya kuendeshea treni za kuchezea! Pili, na hili ndilo kubwa, leseni nyingi hutiiwa bila ya hakimu. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta (kifaa cha kugawa intaneti) ya kampuni ya Linksys, WRT54G, ina Linux ndani yake. Kelele zikapigwa, kampuni ikautoa msimbo, na kutokana na msimbo huo ikazaliwa OpenWrt, programu huria ya ruta, ambayo leo mafundi mitandao hata wa hapa mjini wanaiweka kwenye vifaa vya zamani wakavifufua. Wakati ule hakuna aliyesimama kizimbani. Tatu, tazama wanaotoa fedha. Mfuko wa ubunifu wa UNICEF unataka kazi iwe huria. Muungano wa Digital Public Goods, yaani wa mali za umma za kidijitali, ulioanza 2019, hauipokei programu isiyo na leseni inayotambulika. Mfadhili hafiki Mahakama Kuu. Anafungua folda yako, haoni faili la leseni, anaifunga. Anayesema leseni haitekelezeki hapa huwa anafikiria polisi, na mlango unaofungwa ni wa benki.

Ndani ya hoja hiyo hiyo mbovu mna chembe moja ya kweli, nayo ni lugha. GPL ya tatu ina maneno zaidi ya elfu tano ya Kiingereza cha mawakili. Free Software Foundation, taasisi ya Stallman inayoitunza GPL, hawazitambui tafsiri kuwa ni sawa na asili, kwa kuogopa kosa moja la mfasiri lisije likawa kosa la wote. Umoja wa Ulaya ulikataa udhuru huo: leseni yao, EUPL, ipo katika lugha 23, zote kwa nguvu moja. Kiswahili, chenye wasemaji wengi kuliko baadhi ya lugha hizo, hakimo, wala si kazi yao kukiweka. Ni kazi yetu, ya mabaraza ya Kiswahili na vyuo vya sheria. Mpaka leo kijana wa hapa anabofya "nakubali" juu ya maandishi ambayo baba yake angeyakataa kama yangekuwa hati ya shamba la mikarafuu. Maelezo mafupi ya Kiswahili, hata yasiyo na nguvu ya sheria, yangemwokoa na mengi.

Kwenye maneno ya leseni kuna jambo jengine la pekee kwetu linalostahiki kutajwa, kwa sababu nimeulizwa si mara moja. Mtu ameandika mfumo wa hesabu za duka au hoteli, anataka kuutoa huria, lakini hataki utumike kwenye kamari wala baa. Nia njema, na aliyelelewa hapa anaielewa. Lakini akiliandika sharti hilo, programu yake haitakuwa huria tena kwa ufafanuzi wa Open Source Initiative, shirika linalopima leseni ipi ni huria, ambao tangu 1998 umekataza kubagua nani anatumia na kwa kazi gani. Mwandishi wa programu Douglas Crockford alitia katika leseni ya JSON, namna yake ya kupanga data, sentensi moja tu, kwamba programu itumike kwa wema, isitumike kwa uovu. Debian, wasambazaji wa Linux, waliikataa, na taasisi ya Apache nayo mwaka 2016 iliiondoa katika orodha ya leseni inazozikubali. Kosa halikuwa wema. Kosa ni kwamba hakuna anayejua mstari umepita wapi. Hoteli ya Nungwi ina msikiti wa wafanyakazi nyuma na baa mbele. Mfumo wa mishahara ni wa upande gani? Hapa wakfu wa kweli na wakfu wa msimbo vinaachana: mzee wa Malindi anaweza kuwachagua wanaofaidika, mwandishi wa programu huria hawezi. Anayeona dhamiri yake haitulii na hilo ana haki ya kutotoa. Asitoe nusu.

Kwa wanaodhani haya yote ni nadharia, mfano mzuri umepita juu ya vichwa vyetu, tena kihalisi. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia walianza kuvipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, wanafunzi wakiwemo katika timu. Picha zile ni data, na data ina leseni zake, kama Creative Commons, au ODbL inayotumiwa na OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Zilitolewa kwa leseni ya wazi. Mwaka 2018 zikatumika katika shindano la kuzifundisha kompyuta kutambua mapaa ya nyumba, na wachora ramani wakazichukua kwa shughuli zao bila ya kuandika barua ya maombi kwa mtu. Kama sharti lisingewekwa mapema, kila mmoja angebisha hodi ofisi kwa ofisi, na tunajua wote barua ya maombi huchukua muda gani mpaka ikapata muhuri.

Kutokana na haya mimi ningeanzia pahala pawili. Kwenye tenda za mifumo za taasisi za umma, vifungu viwili viingie kabla bei haijajadiliwa: hakimiliki ni ya taasisi, au kama ni ya mkandarasi, basi msimbo unakabidhiwa kwa AGPL kila toleo linapolipiwa. Wakandarasi watapandisha bei, hilo silifichi, na baadhi watajitoa. Wataobaki watakuwa wanauza ujuzi wao, na taasisi itaweza kumbadilisha fundi bila ya kurudi kwenye kaunta buku. Pahala pa pili ni vyuoni. Kila mwaka SUZA, Taasisi ya Karume ya Mbweni na Chuo Kikuu cha Zanzibar zinatoa wanafunzi wenye miradi ya mwisho iliyomalizwa vizuri, ikakaguliwa, ikapewa alama, ikazikwa. Nimefungua kadhaa. Ile yenye leseni mara nyingi ina MIT iliyonakiliwa kama ilivyo, mstari wa juu pale panapotakiwa mwaka na jina la mwenye mali mabano bado matupu. Ni hati ya nyumba isiyo na jina la mwenye nyumba.

Vijana wanne niliokaa nao mwaka jana walikuwa wamewaandikia akinamama wa ushirika mmoja wa mwani, upande wa mashariki, mfumo wa kuandika kilo za kila mkulima na malipo yake. Tulizungumza leseni dakika tano, wakachukua AGPL. Kwenye mstari wa jina ndipo walipokwama. Mmoja akasema ni wao wanne, mwengine akasema ni mwalimu wao, wa tatu akasema ni akinamama, kwa sababu wao ndio waliokaa siku tatu wakiwaeleza kwa nini mwani mbichi na mkavu haviandikwi safu moja. Ilipoadhiniwa Alasiri bado walikuwa wanabishana. Niliporudi wiki iliyofuata, faili lilikuwa na majina matano: yao manne, na la ushirika juu yao.